Namna ya Kuipa Kazi Sanaa na Muziki katika Riwaya ya Ukoo wa Lamu

Riwaya ya ukoo ikiwekwa Lamu, mlango wa nakshi hutajwa ukurasa wa kwanza, kisha hausikiki tena. Hilo ni pambo. Chagua kitu kimoja na muziki wa aina moja, uvitumie kuamua jambo: nani arithi, nani aolewe, nani ajulikane alivyo.

Ukichagua mlango, anza na mwaka. Baadhi ya milango imechongwa mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, kwenye kizingiti cha juu, na hapo ndipo hesabu za vizazi huharibika. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882. Anayejumlisha 622 tu anapata 1922, akapoteza miaka 40, na babu akaingia mahali pa mjukuu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku 11 hivi; basi zidisha kwa 0.97 ndipo ujumlishe 622. Maulidi nayo husogea vivyo hivyo. Mtoto aliyesikia matari ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, katikati ya Januari, kaskazi ikivuma, miaka kumi baadaye atayasikia mwishoni mwa Septemba. Ukiiacha Maulidi msimu uleule, msomaji wa Lamu atakukamata.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, zina faida nyingine: zinahesabika. Mapema kwenye riwaya taja safu ngapi na mabakuli mangapi ya kaure, bila kusisitiza. Baadaye onyesha kidaka kimoja kitupu, duara safi limebaki katikati ya vumbi. Usiseme nani kauza. Mwache mke wa kaka mkubwa apangue yaliyobaki ili pengo lisionekane. Kitu kikitokea mara tatu, kila mara mkononi mwa mtu mwingine, chatosha.

Upande wa muziki, hakuna kilicho tajiri kuliko kutunza, yaani kumtuza mwimbaji pesa, kwenye taarabu. Mwanamke anasubiri ubeti wake, anainuka na noti, anapita polepole mbele ya anayemkusudia ndipo amfikie mwimbaji. Ugomvi wa miaka unatoka hadharani na hakuna aliyetukanwa. Tunga ubeti wako mwenyewe, mizani nane kwa kila kipande, vina vya kati na vya mwisho vilingane:

Mlango una mwenyewe, ufunguo ni wa nani?
Ukibisha uelewe, kuna waliomo ndani.

Ubeti huu unaweza kumchoma mke mwenza, na pia ndugu anayedai nyumba. Weka wote wawili ukumbini. Kosa kubwa kuliko yote ni msimulizi kulifumbua fumbo aya inayofuata. Uchungu wote humwagika. Onyesha tu nani ameacha kupiga makofi.

Angalia pia msimulizi wako amesimama wapi. Sherehe ya kina mama ikiwa ndani, kijana wa kiume hayumo. Pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, zikigongwa kwa vijiti atazisikia kutoka darini au kichochoroni. Asichokiona, alizibe pengo hilo kwa kusikia: sauti ya shangazi anayoijua, na ile ambayo leo haipo.

Mwisho wa rasimu, soma beti kwa sauti mbele ya bibi anayezijua nyimbo. Mizani ikipungua, atasita kabla hujamaliza mstari. Hapo ndipo pa kurekebisha.