Ndege wakipiga kelele bustanini, tazama wanakoelekeza midomo

Wenzangu wa Entebbe na Kampala mlio na mti wa mwembe au mpapai uani, makelele ya ndege yasiwapite bure. Wale ndege wa kahawia wenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia wakikusanyika tawi moja na kulalama bila kukoma, na chozi (wale ndege wadogo wanaonyonya maua) nao wakajiunga, hapo kuna adui aliyetulia: nyoka, bundi au paka. Simama mbali, fuata midomo yao inakoelekea, kisha kagua majani polepole. Watoto wasisogee, maana nyoka wa mtini huwa ni vigumu kumwona.

Ndege wakinyamaza ghafla na kujificha, inua macho juu. Mara nyingi ni mwewe anapita.

Tumbili ndio walimu wazuri zaidi. Utafiti wa Amboseli, Kenya, uliochapishwa 1980, ulionyesha kwamba wana mlio mmoja wa kuonyana kuhusu chui, mwingine kuhusu tai, na mwingine kuhusu nyoka. Wasikilizeni, lakini tafadhali msiwape chakula: wakizoea, wataingia hadi jikoni.