Somo: Elgon kwa wikendi, njia ya Budadiri

Kila wiki naulizwa swali lilelile, tunapandaje mlima Elgon, upande wa Uganda, kwa siku mbili, sasa naandika mara moja na atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwanza, Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote (mita 4,321), si ya wikendi, njia hii ya Budadiri, iitwayo Sasa kwa jina la mto, mpaka kileleni na kurudi watu huchukua kama siku 4. Wikendi inakutosha kufika kambi ya mto Sasa, kama mita 2,900, mnalala, mnashuka.

1. Ijumaa lala Mbale.

2. Jumamosi alfajiri Budadiri, lipa ofisi ya UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda), chukua renja. Renja ni lazima.

3. Wabeba mizigo wako palepale, elewaneni bei kabla ya kuanza.

4. Majabali ya Mudangi yana ngazi. Simu mfukoni, mikono miwili kwenye ngazi.

5. Begi. Hapa naomba msome polepole. Safari yangu ya kwanza nilivalisha begi kifuniko chake cha mvua nikaona nimemaliza, mvua ikatukuta saa nane mchana, maji yakateremka shingoni mpaka mgongoni yakaingilia upande ule unaogusa mgongo ambao kifuniko hakifiki. Jioni nafungua, begi la kulalia ukilikamua linachuruzika. Nilikesha nimekumbatia magoti, na bila blanketi la mwenzangu sijui ningekuwa na hali gani. Kwa hiyo vitu vya kulalia na nguo za usiku vyote ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) nene, mbili, moja ndani ya nyingine, sokota mdomo, kunja, funga kwa mpira. Na zile nguo za usiku usizivae mchana hata ukitetemeka, zikilowa huna kitu kingine. Kaveera mrudi nazo.

6. Hema lisikae kwenye mkondo wa maji.

7. Jumapili shukeni mapema, kabla ya mvua ya mchana.

MASWALI

– Bei jumla?
Inabadilika. Uliza UWA kabla hujatoka nyumbani.

– Tuna GPS, renja wa nini?
Hatua ya 2, kaka. Sirudii.

– Kwani usiku mmoja wa baridi unaua?
Umelowa, upepo, mbali na barabara: ndiyo, unaweza. Ndiyo maana nimeandika yote hayo.

– Mimi mwalimu, nataka kuwaeleza wanafunzi, mbona ukipanda mlima, miti inabadilika?
Asante mwalimu, swali zuri. Ukipanda, baridi inaongezeka, na kila mmea una kimo chake. Chini kahawa na ndizi, halafu msitu, halafu mianzi, juu zaidi nyasi na lobelia kubwa kumpita mtu. Waambie pia Elgon ni volkano iliyozimika, juu kuna shimo lenye upana wa karibu kilomita 8, na mto Suam unatokea humo kupitia korongo la upande wa mashariki, kuelekea mpaka wa Kenya.

– Hiyo mianzi ndiyo ya malewa, kile chakula cha Mbale?
Ndiyo dada, machipukizi yake. Wagisu, wenyeji wa huku, huyakausha kwa moshi. Nunua soko la Mbale ukishuka, loweka usiku kucha, chemsha mpaka yalainike, ndipo utie karanga za kusaga, moto mdogo, na usiache kukoroga maana karanga hushika chini.