Samaki wa moshi si ng'onda: mambo ya kuzingatia kabla hujawasha jiko

Sisi watu wa Mombasa tumelelewa na ng'onda, na hapo ndipo tunapoteleza. Ng'onda huning'inia dukani siku nyingi na bado twampika mchuzi wa nazi bila wasiwasi, maana chumvi na jua vimeshanyonya maji yake. Samaki wa moshi wa kitafunio, yule laini anayechambuka kwa vidole, hana kinga hiyo. Ni samaki aliyepikwa tu, akatiwa harufu nzuri.

Kwa hiyo anza na barafu, kabla ya pesa za samaki. Nguru na jodari wanapendeza kwa moshi kwa sababu minofu yao ni minene, lakini ndio hao hao wenye hila. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa chumvi, kwa moshi wala kwa moto. Mlaji huwiva uso, hujikuna, kichwa humgonga, mara nyingi ndani ya saa moja, kisha watu husema ana mzio wa samaki. Kunusa hakutoshi, kwani samaki mwenye histamini anaweza asiwe na harufu yoyote mbaya. Mimi humwuliza mchuuzi swali moja: huyu alilala wapi jana? Akisema kwenye barafu, naomba nioneshwe hiyo barafu. Nikishanunua, samaki anaingia kwenye kisanduku changu cha barafu palepale, hasa nikiwa navuka Likoni, maana foleni ya feri haina huruma. Msimu wa Kusi, bahari ikichafuka, huenda ukapata wa friza tu. Si vibaya, ila ayeyukie ndani ya friji, si kwenye karo.

Chumvi ipimwe. Kipimo ninachofuata ni kikombe 1 cha chumvi laini kwa vikombe 7 vya maji, yaani takriban gramu 170 kwa lita, na vipande vyembamba vilowe saa moja ndani ya friji. Ukitumia chumvi ya mawe, weka kwenye mizani, kwani kikombe chake huwa na hewa nyingi katikati.

Baada ya hapo ndipo pana siri, na ndipo nilipochoma kilo mbili za nguru. Nilimtoa kwenye maji ya chumvi, nikamfuta kidogo, nikampandisha juu ya moto akiwa bado analia machozi. Moshi ulikamatana na ule unyevu, ukawa masizi machungu, na ukwaju wote niliommwagia haukuuficha uchungu huo. Samaki lazima akauke juu mpaka ukimgusa anate kidogo, kama gundi inayoelekea kukauka. Vitabu husema mwache kwenye upepo. Hewa yetu ya pwani ina maji mengi mno kwa hilo. Mlaze juu ya wavu ndani ya friji bila kumfunika, usiku kucha. Friji ndiyo sehemu kavu kuliko zote nyumbani.

Kuni: vijiti vya mwembe vilivyokauka vinanitosha. Usitumie mbao za masanduku wala zilizopakwa rangi. Ukiishi ghorofani, weka foili ndani ya sufuria kuukuu, tia mchele, majani ya chai na sukari kwa kiasi sawa, weka wavu juu na mfuniko uliobana. Mwambie jirani mapema, hasa akiwa ameanika nguo.

Kitu kimoja cha kununua ni kipimajoto cha nyama. Sehemu nene kabisa ya samaki ifike nyuzi 66 za Selsiasi na ibaki hapo dakika 30. Moshi wa baridi, ule usiopika, sahau. Unataka joto lisilozidi nyuzi 30, na hapa Februari hata kivulini hulipati.

Halafu hesabu saa kwa kurudi nyuma, kuanzia wakati wageni watakapofika. Samaki akishapoa, anaingia friji isiyozidi nyuzi 4, na aliwe ndani ya siku chache. Stima ikipotea, mlango wa friji ubaki umefungwa. Ukipita muda wa saa nne bila stima kurudi, mtupe samaki hata kama roho inauma. Usimfunge kwenye mfuko usio na hewa ukamwacha rafuni: bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hupenda hasa pahali pasipo na hewa.

Mezani mimi humchambua na ndimu, kitunguu kilichokatwa kama nywele, dania na pilipili mbuzi kidogo, kisha naweka kijiko kimoja kimoja juu ya krispi za muhogo. Zijazwe dakika ya mwisho, la sivyo zinalainika. Toa sinia dogo, likiisha toa jingine. Nje, joto likipita nyuzi 32, mpe saa moja tu. Kilichobaki mezani usikirudishe friji. Paka wa Mji wa Kale watakuwa wameshajipanga mlangoni.