Soksi za Kubana kwa Mgonjwa wa Moyo Mwenye Miguu Iliyovimba

Mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo huvimba miguu kwa sababu maji hujikusanya mwilini, na ukimbonyeza kwa kidole juu ya kifundo, kishimo hubaki kwa muda. Soksi ya kubana huyarudisha maji hayo kwenye mzunguko wa damu, yaani kwenye moyo uleule uliokwisha kuelemewa. Kwa hiyo haifai kununuliwa dukani mjini Moshi na kuvaliwa siku hiyohiyo bila daktari kuridhia. Mgonjwa anayekosa pumzi akilala chali, au ambaye uvimbe wake unapanda upesi, asiivae kabisa. Apelekwe KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, au kituo cha afya kilicho karibu, kwani kwanza anahitaji kurekebishiwa dawa, hasa zile za kuongeza mkojo.

Hali ikishatulia, daktari hulinganisha presha ya kifundoni na ya mkononi ili kujua kama damu inafika miguuni vizuri. Mwenye kisukari na mvutaji sigara wasikubali kurukwa kipimo hiki, kwa kuwa mguu wenye upungufu wa damu ukibanwa unaweza kufanya vidonda, hata kuoza.

Daktari akiruhusu, mara nyingi ni busara kuanza na mbano mwepesi, kama milimita 15 hadi 20 za zebaki, kipimo kilekile cha presha. Vipimo vichukuliwe alfajiri, mgonjwa akiwa bado kitandani, kwa utepe wa fundi cherehani: sehemu nyembamba juu ya kifundo, sehemu nene ya shavu la mguu, na urefu hadi chini ya goti. Baridi ya Julai huwashawishi wengi kwenda kwanza kuota moto jikoni, lakini mguu ukishaning'inia nusu saa tu vipimo huanza kudanganya.

Unapomvika, pindua soksi ndani nje hadi kisigino, uikalishe vizuri, kisha uivute polepole bila makunyanzi. Usikunje ukingo wa juu, maana mkunjo hukaza kama kamba. Usiku ivuliwe na ngozi ikaguliwe. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi, ivuliwe papo hapo.

Mizani isiachwe. Mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi akishakojoa, kwa sababu soksi huweza kuuficha uvimbe wakati maji yanazidi kujaa kwingine. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, apelekwe kliniki hata kama miguu inaonekana myembamba.