Tangi la ziada la dizeli: likwepe bati la zinki
Ndugu zangu mnaoingia na pikapu porini Sikonge na Urambo, mkoani Tabora, kufuata asali na tumbaku, fundi akisema atakuchomelea tangi la ziada kwa bati la zinki kwa kuwa halishiki kutu, kataa kabisa. Dizeli huila zinki polepole, ikazaa utando kama sabuni unaoziba chujio na kuharibu nozeli inayopulizia dizeli kwenye injini, na nozeli si bei ya kuchezea. Chukua shiti ya chuma cheusi, yaani kisichopakwa zinki, milimita 2. Kutu yake huanzia ndani, kwenye maji yanayojikusanya tangi likilala nusu tupu. Basi lijaze jioni, uweke na koki ya kutolea maji chini. Alumini ni nyepesi na haina shida na dizeli, ila mtikisiko huipasua kwenye maungio. Ikalishe juu ya mpira.