Data ya mradi wa mwaka wa tatu: anzia Mwaloni

Kila mwaka wadogo zangu wanaosoma sayansi ya data na akili mnemba hunipigia simu na kilio kilekile: "Kaka, data tutaipata wapi?" Wengi huishia kupakua lile jedwali la bei za nyumba za Boston, data ya miaka ya 1970, na huku wamepanga Kitangiri, Mwanza, harufu ya dagaa inawaingilia dirishani.

Mradi wangu ulikuwa kutabiri bei ya dagaa wakavu pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nakueleza nilivyofanya, na nilipoangukia pua.

Omba barua ya utambulisho idarani, uipeleke ofisi ya soko kabla hujatoa daftari. Kijana anayezunguka akiuliza bei na kuandika hachukuliwi kuwa mwanafunzi; anachukuliwa kuwa mtu wa kodi. Kisha chagua wauzaji watatu au wanne, uwarudie haohao siku zilezile za wiki. Salimia vizuri, kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mama." Nunua hata dagaa wa elfu moja. Asubuhi boti zikishusha mzigo usimsumbue mtu, subiri.

Mimi niliharibu kwenye kipimo. Wiki nzima niliandika "sado", yaani kopo la kupimia, na bei yake, mpaka nilipomwona mama mmoja akipimia wateja wawili kwa sado ileile: wa kwanza alisawazishiwa kwa kiganja, wa pili akawekewa kilima mpaka dagaa wakamwagika. Bei moja! Kesho yake nilienda na mzani wa kuning'iniza, nikapima sado kadhaa za kila muuzaji, na kuanzia hapo nikaandika bei ya kilo. Gunia nalo lipime, usiamini macho.

Halafu ongeza safu ya daraja. Dagaa wa kwenye chanja, dagaa wa mchangani na dagaa walionyeshewa na mvua wakiwa hawajakauka ni bidhaa tatu, ingawa jina ni moja. Wale walionyeshewa mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku. Ukiwachanganya, mashine itakuambia mvua inashusha bei, kumbe wa kula huenda ndio kwanza wamepanda.

Sasa mwezi. Miezi miwili nilikuwa na tarehe, bei, daraja na mvua, na modeli yangu, yaani hesabu ya kompyuta inayotabiri bei, ikawa inakosea kwa mawimbi: wiki mbili inatabiri juu mno, wiki mbili chini mno. Nilimwonyesha yule mama muuzaji grafu kwenye simu. Akaitazama, akacheka. "Mwanangu, hapo si ni mbalamwezi?" Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina kazi, wavuvi wengi wanapumzika. Mzigo unapungua, bei inapanda. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kukosa jambo ambalo kule Igombe, kwa wavuvi, hata mtoto analijua.

Huna haja ya kifaa. Mwezi ulikuwa gizani tarehe 6 Januari 2000. Hesabu siku kutoka hapo hadi siku yako, gawanya kwa 29.53, chukua baki. Likiwa karibu na 0 au 29 ni giza; likikaribia 15 ni mwezi mpevu. Ila usimpe mashine hilo baki lenyewe, maana ataona 29 na 0 ziko mbali ilhali ni siku jirani. Mpe umbali kutoka mwezi mpevu: siku 0 hadi takriban 15.

Kuna kucheleweshwa pia. Dagaa anavuliwa, anaanikwa, anangoja boti kutoka kisiwani. Bei ya leo inaeleza usiku wa siku kadhaa nyuma, hivyo jaribu kusogeza safu ya mwezi siku 2, 3, mpaka 7, uone ipi inapunguza makosa. Kwa sababu hiyo kusanya angalau mizunguko mitatu ya mwezi. Ukianza kuchelewa, hutafika.

Kuhusu modeli sina maneno mengi. Anza na mstari wa kawaida wa rigresheni, yaani mstari unaopita karibu zaidi na data yako, kwenye Python, lugha ya kuandikia programu. Mistari mia moja hivi ya jedwali haibebi mtandao wa neva, ile modeli kubwa inayohitaji data nyingi. Usichanganye tarehe ovyo unapogawa data: wiki za mwanzo ni za kufundishia, za mwisho za kupimia. Ukichanganya, mashine inajifunza ya kesho ili kutabiri ya jana, na mtu wa jopo la kusahihisha mradi atakukamata hapo hapo.

Kabla ya siku ya kuwasilisha, shindanisha modeli yako na utabiri wa kijinga kabisa: bei ya leo ni ileile ya safari iliyopita. Yangu ya kwanza ilishindwa. Ya pili, yenye safu ya mwezi, ndiyo niliyowapelekea.