Fundi chuma, usingoje kiwanda cha treni: namna ya kuingia kwenye kazi za reli hapa Uganda

Tangu serikali isaini ule mkataba wa SGR, reli mpya ya kisasa, na Waturuki wa Yapı Merkezi mwezi wa kumi 2024, kilomita 272 toka Malaba mpaka Kampala, euro bilioni 2.7, simu yangu haipumziki. Kila kijana wa Tororo aliyewahi kushika grainda anauliza eti kiwanda cha kutengeneza treni kinafunguliwa wapi apeleke barua. Nawajibu wote hapa kwa mpigo maana bando nayo inakwisha.

Kiwanda kitoe kichwani kwanza. Angalia Afrika Kusini, wao wanacho kweli, kiko Dunnottar, kilifunguliwa 2018, lakini kabla ya hapo serikali yao ilikuwa imeshaagiza treni 600, 20 zitengenezwe Brazil na 580 zitengenezwe nyumbani. Oda ilitangulia, kiwanda kikafuata. Sisi oda ya hivyo hatuna, na mtu hajengi kiwanda cha kuunda mabehewa machache halafu wafanyakazi wakae wanacheza ludo. Pesa ya serikali huku kwetu inaenda kwenye njia yenyewe na kwenye kufufua ile reli ya zamani pamoja na mabehewa yake yaliyochoka, kwa hiyo fundi mwenye akili anajiuliza hivi: kwenye treni kitu gani kinalika na kinabadilishwa kila mara?

Jibu namba moja ni bloku za breki. Kile kipande cha chuma kinachobana gurudumu dereva akifunga breki, kinasuguliwa mpaka kinabaki chembamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi, kinatupwa, kinawekwa kingine. Zile za kizamani ni chuma cha kusubu tu, cha kumimina kwenye kalibu, na mafundi wa Katwe pale Kampala wanaosubu vipuri vya mashine za kusaga hawako mbali na hiyo kazi. Shida yao ni moja, kipimo. Reli haitaki "inakaribia", inataka kila bloku ilingane na mwenzake, na chuma chenyewe kiwe kimepimwa ugumu, kwa hiyo kabla hujamwonyesha mtu sampuli yako nunua venia kalipa, kile kipimo cha mkono kinachosoma mpaka sehemu ndogo za milimita, jifunze kuisoma vizuri, uandike vipimo vya kila kipande kwenye daftari. Hilo daftari litakuuza kuliko mdomo wako.

Baada ya hapo kuna sakafu na milango ya mabehewa ya mizigo (inapondwa vibaya sana na wapakuaji), kuna viti, ngazi, vishikio, na kwa watu wa ujenzi kuna mataruma ya zege (yale yanayolaza reli juu yake) na kokoto. Magurudumu, ekseli na beringi achana nazo kwa sasa, hizo zinaagizwa nje na kosa moja tu linaua watu.

Halafu jua unaongelea reli gani. Ya zamani, ile iliyofika Kampala 1931, upana wake ni milimita 1000. SGR ni 1435. Behewa la huku haliendi kule, na ukienda kuomba kazi ukachanganya hizo mbili watakutazama kama mtu aliyepotea njia ya sokoni.

Sasa mikono yako. Ukisema "najua weldingi tangu utoto" hakuna anayesikiliza, watakupa sahani mbili za chuma uziunganishe, kisha wanakata vipande pale kwenye mshono wanavikunja kwenye mashine, ukionekana ufa umeenda na maji. Mimi niliwahi kuanguka huo mtihani kwa kampuni moja siitaji jina, na nilikuwa nimejiamini mpaka nimewaahidi watu soda. Mshono kwa nje ulikuwa mzuri kama wa cherehani, wakaukunja, pa! ukafunguka. Rodi zangu za kuchomelea zilikuwa 7018, aina isiyotaka unyevu kabisa, na nilizibeba kwenye mfuko wa plastiki kwenye boda, mvua ya Tororo mnaijua. Zile rodi zikinyonya unyevu mshono unapasukia ndani ambako jicho halifiki. Kwa hiyo fanya mazoezi na chuma kinene, siyo mabomba ya mageti, kunja mshono wako mwenyewe nyumbani kwenye vaisi kabla hawajakukunjia wao, na katafute cheti cha ile mitihani ya mafundi tunayoizoea kwa jina la DIT, ile ya serikali ya kupima ufundi wa mikono, maana kuna watu wana mikono ya dhahabu lakini hawana karatasi na wanaachwa getini.

Karatasi zingine ni kitambulisho cha taifa, TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, na kama mko watatu wanne wenye vifaa basi sajilini kampuni pale URSB, ofisi ya kusajili biashara, kwa sababu mkandarasi mkubwa akitaka kutoa kazi ndogondogo hampi mtu mmojammoja, anampa mwenye jina, akaunti na risiti.

Madalali wa kazi wapo, wanataka laki mbili laki tatu "za kukuingiza". Usitoe. Ni hivyo tu.

Ukiingia usikubali kuwa kibarua milele. Kanuni za kazi za 2011 zinasema kibarua mwisho miezi minne, ikizidi hapo upewe mkataba wa maandishi, na NSSF, akiba yako ya uzeeni, ni haki yako hata kama bosi ana wafanyakazi wawili: wewe unakatwa asilimia 5, yeye anaongeza 10. Weka picha ya kila karatasi ya malipo kwenye simu.

Kitu ambacho wengi wanadharau ni Kiswahili. Haohao Yapı Merkezi ndio waliojenga SGR ya Tanzania, Dar mpaka Morogoro na kuendelea, treni za umeme zinafika Dodoma tangu 2024, kwa hiyo kuna mafundi wa Bongo wanaojua jamaa wanapenda nini na wanachukia nini, ukimpata mmoja muulize, lugha ni ileile na hakudai hela.

Na zile rodi jamani. Tafuta friji mbovu, toa mashine, funga balbu ndani iwake usiku kucha, panga rodi humo, zitakaa kavu. Lakini zikishalowa balbu haiziponyi, zinataka ovena ya nyuzi 300 na kitu kwa saa nzima au zaidi, kama huna nenda ukanunue paketi nyingine na siku ya mtihani uifungulie palepale mbele yao.